Mabega Niliyoyashona Mimi

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya Duka la Viatu,
S.L.P. 417.
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa Dada,

Naanza na salamu kama tulivyolelewa, ingawa mkono wangu unataka kukimbilia mbele. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Goti lake limepona, au bado anapanda ngazi za kazini upande upande? Na wanao je, yule mkubwa bado anagombana na kitana kila asubuhi? Sisi huku tunatembea na kula. Usiniulize zaidi ya hapo mpaka uimalize barua hii.

Picha zenu nilizipata. Umependeza, ila hilo koti jipya bega la kushoto limekaa vibaya. Aliyekushonea alikuwa na haraka. Nisamehe, macho yangu hayajui kupumzika.

Dada, huku kumeharibika. Mwenye kiwanda cha magodoro ameanguka. Ni Bwana Mabega huyo huyo, ambaye kaka yetu Bonge amemkatia sponji miaka kumi na sita. Alikuwa anaonyesha mashine mpya mbele ya wafanyakazi na watu wa redio, akashika ukingo wa meza, akakaa chini taratibu kama anayetafuta kiti, na kiti hakikuwepo. Mpaka leo yuko hospitali. Anafungua macho lakini hasemi neno.

Siku mbili za kwanza ofisi ilitangaza kwamba ni uchovu. Siku ya tatu gazeti likamwaga kila kitu. Figo zake zilikwisha zamani, damu yake ilikuwa ikisafishwa kwa mashine nyumbani kwake, katika chumba ambacho hata watumishi hawakuruhusiwa kufagia. Ofisi ikarudi na maneno mengine: ni kweli anaumwa, lakini ameanza miezi minne tu iliyopita.

Hapo ndipo mtaa ulipochachamaa. Kwa kinyozi redio haizimwi, na watu wanatoka wamenyolewa upande mmoja kwa sababu kinyozi mwenyewe anabishana. Wako wanaosema ugonjwa ni wa mtu mwenyewe, nani angetangaza figo zake sokoni? Wengine wanauliza, mtu anayelisha nyumba mia nne anaumwaje kwa siri? Mama muuza mkaa analia kabisa, anasema aliwahi kupewa godoro bure. Jirani yake hapo hapo anamwambia akalilalie hilo godoro, amwache. Mwenye duka la viatu ameikata picha ya Bwana Mabega kwenye kalenda ya kiwanda, akaacha tarehe.

Dereva wake ndiye aliyeangukiwa na jumba bovu. Watu wanakwenda kusimama mlangoni kwake na kumwita muuaji. Hatoki nje. Mkewe anachotewa maji na majirani. Kila mtu anataka kujua jambo moja tu: nani alijua?

Ili uelewe hasira hiyo nikurudishe nyuma miaka miwili. Kiwanda kingine kilikuja kuwachukua wakata sponji na washonaji wa magodoro. Kiliwapa fomu za ajira, mkataba wa kudumu na mambo yote. Ilikuwa imeenea minong'ono kwamba Bwana Mabega si mzima. Basi akawaita wote uwanjani, akapanda juu ya jukwaa na suti yake ya kijivu, kifua mbele. Akajipiga begani kwa kiganja, akasema mabega hayo yatawabeba miaka ishirini mingine. Watu wakapiga vigelegele. Wa kwanza kuchana fomu alikuwa kaka yetu. Sasa geti lina kufuli, kile kiwanda kingine kimeshajaza nafasi zake, na wabia wa Bwana Mabega wanasema hawadaiwi chochote na mtu, kwa kuwa siku ile ya jukwaa mzee alikuwa na afya njema.

Bonge ndiye mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi, unamjua kwa mdomo wake. Wiki iliyopita alisimama mbele ya geti akasema aliyejua akanyamaza hatamsamehe, hata awe amezaliwa naye tumbo moja. Watu wakashangilia. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, na utepe wa kupimia bado unaning'inia shingoni.

Dada yangu, mimi nilijua.

Nilijua kabla ya gazeti na kabla ya wabia. Amekuwa akija kwangu miaka mitatu, kwa mlango wa nyuma, kwa sababu mafundi wakubwa wa mjini wana midomo. Kila alipokuja bega lilikuwa limesogea ndani na kiuno kimekimbia, huku miguu ikivimba mpaka nafumua suruali kuanzia gotini kwenda chini. Mwili haupungui juu na kujaa chini bila sababu. Hakunieleza kitu. Alisimama tu, mikono pembeni, akitazama ukuta. Nami nilipima na kuandika kimya, kama Mama, Mungu amrehemu, alivyotufundisha: kipimo cha mteja hakitajwi kwa sauti, si mbele yake wala nyuma yake.

Kwa suti ile ya kijivu aliniomba nimrudishe alivyokuwa. Hayo ndiyo maneno yake. Nikaweka pamba kifuani, bitana mara mbili mgongoni, na sponji mabegani, tabaka tatu, nimezichonga kwa mkasi mpaka zikalala kama nyama. Nilijisifu, Dada. Nilikaa na koti lile mapajani nikasema Mama angeliona angetikisa kichwa kwa raha.

Na sponji yenyewe je? Unakumbuka Bonge huniletea mabaki ya kiwandani ya kujazia mito? Ni hayo hayo. Jioni ile ya jukwaa alikuja hapa anacheka, akaniambia mtu mwenye mabega kama yale hawezi kufa leo wala kesho, Chaki, tumechana fomu zao. Nami nilimwekea chai. Nilimwekea chai na sukari, nikanyamaza.

Ningeweza kuendelea kunyamaza mpaka leo kama si Alhamisi iliyopita. Bonge alikuja mchana na suruali nne kwenye mfuko. Akaniambia, "Chaki, suruali zangu zimenenepa, zipunguze." Tukacheka. Nikamzungushia utepe kiunoni, na kicheko kikanikatikia hapo hapo. Nikapima tena. Nikapima mara ya tatu nikijifanya utepe umejikunja. Alikunywa maji yangu yote ya kwenye jagi na kutoka kwenda msalani mara mbili, katika muda wa suruali nne. Nilipomuuliza akasema ni mawazo, nani asiyekonda siku hizi.

Halafu akaniambia, "Wifi yako usimwambie. Na shati la mkutano wa Jumamosi niwekee kitu mabegani, wenzangu wasinione nimekwisha."

Alikuwa amesimama mahali pale pale, mikono pembeni, anatazama ukuta ule ule. Nikamwambia hapana, siweki. Akashangaa, akauliza ni kitu gani kidogo hicho cha kunyimana. Basi nikamwambia yote. Nilianza na miguu iliyovimba, nikamalizia na jukwaa.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Aliangalia lile furushi la mabaki kwenye kona akauliza, "Ni sponji yangu?" Nikamjibu ndiyo. Akavaa kandambili zake akaondoka, suruali akaziacha mezani na pini zake.

Jana Jumamosi nilikwenda mkutanoni kusubiri hukumu yangu. Alisimama na shati limemning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Watu wakapiga kelele zile zile, nani alijua, nani alijua. Akafungua mdomo. Nikafumba macho. Akasema kamati bado inachunguza. Kisha akakaa chini, na hakugeuza uso kuelekea nilikosimama.

Unaona alichonifanyia? Sasa na yeye ni mtu aliyejua akanyamaza. Amelibeba kwa ajili yangu, na mwili wenyewe wa kubebea hana. Siwezi, Dada. Nimelala na jambo hili, nimeamka nalo, limenishinda.

Wakili wa wafanyakazi alisema pale pale mkutanoni kwamba bila ushahidi wa lini ugonjwa ulianza, kesi yao haina miguu. Hospitali haitoi siri, dereva haongei, na nyumbani kwake hakuna anayefungua mlango. Watu walipotawanyika nikamfuata wakili mpaka kwenye gari lake, nikamwambia mimi ninao. Ninalo daftari la vipimo, lina tarehe kumi na nne za Bwana Mabega, na ile ya siku sita kabla ya jukwaa imo.

Alilifungua, akaligeuza juu chini, akaniuliza haya ni maandishi ya nchi gani. Nikamweleza kwamba Mama hakwenda shule, alijitungia alama zake za vijiti, nukta na mikia, akatufundisha mimi na wewe tu ili mtu asichungulie mwili wa mteja. Tarehe tu ndizo naandika kwa namba za kawaida. Akasema wabia watadai nimejitungia jana. Anahitaji msomaji mwingine, ambaye hajaambiwa kilichomo.

Ndiyo maana sikupigi simu, na ndiyo maana katika barua hii ndefu sijataja hata inchi moja. Ndani ya bahasha kuna kopi ya ukurasa mzima. Nenda nao kwa afisa yeyote wa sheria wa huko, usome mbele yake, kila alama na maana yake, aandike, utie sahihi, agonge muhuri. Usome ulichokiona tu, usinihurumie. Wafanyakazi wakikutana na wabia tarehe 28 nitasimama na kusoma wangu kwa sauti. Wakilinganisha wataona ni kitu kimoja, na wataona pia nani aliyeshona.

Najua kitakachofuata. Watatoka kwa dereva waje kwangu. Wateja nao, nani atamvulia koti fundi anayesoma vipimo vya watu hadharani? Pengine hiki chumba nitakifunga. Mama sijui nitamwambia nini siku tukikutana. Nimejaribu kumjibu kichwani na sijapata neno, ila kwamba aliniachia kanuni moja na mimi nikaitumia kumziba macho kaka yangu.

Wifi nitakwenda kumwambia leo nikimaliza kuandika, hata kama Bonge atanikata undugu. Lakini wewe unajua, hatamsikiliza wifi, na mimi sasa ndiyo kabisa. Tangu utoto ni wewe tu uliyeweza kumbana pua akameza dawa.

Msalimie sana Shemeji. Mwambie yule mkubwa shangazi yake... aa, tazama, nimechanganyikiwa mpaka nasahau mimi ni mama mdogo. Wabusu wote. Wifi anakusalimu bila kujua ninachokuandikia. Mama muuza mkaa naye anakuulizia kila mara, anadhani huko mnalala na barafu kitandani. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akuongoze njia iwe fupi.

Nimebakiza jambo moja. Ukurasa huo una mistari kumi na tano. Kumi na nne ni ya Bwana Mabega, hiyo ndiyo ya kumsomea afisa. Wa kumi na tano ni wa Alhamisi, na ni wa Bonge. Suti yake ya harusi ulimpima wewe kwa mkono wako, kwa hiyo huhitaji kukumbushwa alikuwa na kiuno gani. Mstari huo usimsomee mtu. Usome peke yako, Dada, kisha uje.

Mdogo wako akupendaye na anayekungoja mlangoni,

Chaki