Mkanda wa Mtungi

Tetu, Nyeri
3 Februari 1974

Kwako mdogo wangu Magdaline,

Hujambo, na watoto? Sisi hatujambo, ila ng'ombe anakohoa na mimi niko na kichwa kile changu cha kila siku. Mume wangu Theuri ni mzima sana. Sioni ni kitu gani kingemchosha.

Jirani yangu Murugi alishuka Kutus sokoni, akarudi na habari iliyoninyima raha. Ati alimkuta mume wako Gatimu akitoka mferejini, mtungi wa maji mgongoni na mkanda wa kuubebea kwenye paji la uso, kama mwanamke! Watu wanamtazama, naye anasalimia tu. Ati una ugonjwa wa presha, kwa hivyo huinui kitu, chakula chako kinapikwa kando, na jioni mnatembea wawili barabarani kama maharusi.

Magda, mimi nimezaa saba. Nimepanda mlima huu na maji miaka ishirini na miwili, mpaka mkanda umenichimbia alama ambayo hata kitambaa hakiifichi. Theuri hajanichotea hata ya kunawa. Wewe umezaa watatu. Sasa nieleze kama dada: huo ugonjwa uliupata wapi?

Ni mimi dada yako mkubwa,
Watiri


Kutus
21 Februari 1974

Dada mpendwa,

Nakusalimu wewe, na Theuri, na watoto, na ng'ombe apone. Sisi tunasukuma siku.

Nimecheka mpaka Gatimu akaja kuuliza kuna nini. Sikumsomea. Chakula changu cha kando ni githeri, mahindi na maharagwe, bila chumvi wala mafuta. Paka alikinusa akaenda zake. Na Gatimu hakuanza kuchota kwa mapenzi. Alinikuta nimeanguka kando ya mfereji, mkanda ungali kichwani, nashindwa hata kutaja jina lake. Ni woga uliomvika huo mkanda.

Unakumbuka mama alivyoanguka na jembe mkononi, tukasema amerogwa? Daktari aliniuliza habari zake, halafu akasema presha hupita katika jamaa, na wengi hawaisikii mpaka iwaangushe. Dada, nenda ukapimwe.

Mdogo wako,
Magdaline


Tetu
16 Aprili 1974

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mvua imefika, ng'ombe amepona, nami nina furaha.

Nimepimwa! Nesi mmoja mjini, Saumu, alinifunga kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akatazama, akakijaza tena. "Mama, umekuja kwa miguu?" Nikasema ndiyo. "Ni mia mbili na kumi kwa mia na ishirini." Yako, Murugi anasema, ilikuwa mia na themanini. Sisemi kitu. Mimi ndiye mkubwa tu.

Nikamwambia Theuri. Akamaliza chai yake kwanza. "Presha ni ya mawaziri," akasema. "Umewahi kuona waziri akichuma majani chai?" Nikabeba mtungi.

Tembe nilizopewa ziko darini, ndani ya kopo. Usinigombeze. Nikizimeza nitapona kabla Theuri hajachota hata kikombe. Achote kwanza, mara moja tu, Murugi aone. Halafu nitameza.

Dada yako,
Watiri


Kutus
23 Aprili 1974

Dada,

Leo sisalimu. Meza hizo tembe. Haziondoi presha, zinaishikilia tu. Mimi nameza mwaka wa pili na bado ninayo, kwa hivyo usiogope kupona! Chumvi punguza. Nijibu, hata mstari mmoja.

Magda


Tetu
4 Mei 1974

Magda, hujambo.

Jana Theuri aliuliza mtungi huwa unawekwa wapi. Tumekaribia. Usinivurugie.

Dada


Tetu
9 Septemba 1974

Mdogo wangu Magda,

Wewe na Gatimu ni wazima? Mwandiko ni wa Theuri. Mimi nasema, yeye anaandika. Tangu ulipotuacha pale hospitali mkono wa kulia bado umelala, lakini ulimi umeamka, kama anavyojua huyu mwandishi.

Tembe nameza. Theuri ananisimamia mpaka nionyeshe kinywa kitupu, kama kuku anayepewa dawa. Chumvi amempa ng'ombe. Jioni ananishika kiuno tunatembea; jana tulifika hadi kwa Murugi.

Na maji anachota. Wiki ya kwanza alienda alfajiri, asionekane. Siku hizi anaenda mchana, mkanda umefungwa vibaya unamteremkia machoni, nusu ya maji yanabaki njiani. Mimi nimekaa mlangoni namtazama akipanda. Nimekitaka kitu hiki miaka ishirini na miwili, Magda, na sasa siwezi hata kumpokea mtungi.

Leo Murugi alisimama uani. Akamtazama Theuri na mkanda wake, akanitazama mimi kwenye kiti. Huo uso naujua. Nimekuwa nao tangu Februari.

"Mama Kingori," akaniambia, "wenzetu mna bahati. Hebu niambie, huo ugonjwa..."

Sikumwacha amalize. Nimemwambia Theuri aweke mtungi chini, atoe baiskeli, ampeleke mjini akapimwe leo leo.

Anasema akimaliza mstari huu anaenda. Jina nimeandika mwenyewe, kwa mkono wa kushoto.

Dada yako,
W a t i r i