Nilichomwambia Inspekta Juu Yako

Omera Okelo, rafiki yangu,

Ni mwezi wa tatu tangu tukuzike, na leo ndiyo nimepata nguvu ya kukuandikia.

Gazeti letu limekufa. Polisi walibeba mashine ya kurudufu na karatasi zote. Siku za soko hapa Kosele watu bado husimama mbele ya duka lako, wakingoja kusomewa. Juzi mzee mmoja kutoka Lambwe aliniuliza, "Mwalimu, leo hakuna habari?" Nikageuza uso.

Unakumbuka kabla ya uhuru? Mimi napiga taipu, wewe unazungusha mashine, wino mpaka kwenye nyusi. Tuliwaeleza watu namna ya kupiga kura. D.C. Mzungu alituita, akatuonya, tukarudi tukiimba njia nzima.

Bendera yetu ikapanda. Halafu ukaandika kwamba mheshimiwa mbunge wetu na jamaa zake wamejigawia malisho ya Lambwe. Nilikusihi uache. Ukasema, "Ya mkoloni tuliandika. Ya wetu tuyafiche?" Nikapiga taipu.

Okelo, kuna jambo hulijui. Siku waliyokukamata, inspekta alikuja shuleni. Akauliza nani alishirikiana nawe. Niliwafikiria watoto wangu watano. Nikasema ulikuwa peke yako. Nikaongeza kwamba ulikuwa unachochea watu, na mimi nilikuonya. Hilo hata hakuliuliza. Akaandika, nikatia sahihi.

Wiki mbili baadaye tukaambiwa umefia rumande, malaria. Tulikuosha mimi na ndugu yako. Malaria haivunji mbavu. Tulitazamana, tukakuvalisha shati. Redio haikusema kitu. Magazeti ya Nairobi hayakusema kitu. Na mimi, niliposimama kaburini, nikasema ulikuwa mtu wa watu, basi.

Malisho yamezungushiwa waya. Ng'ombe wa yule mzee wa Lambwe wanakufa.

Mamako bado ananiletea samaki. Ananiita mwanangu. Siwezi kuwameza, omera. Nawapa majirani.

Kesho asubuhi nitakwenda kwake nimwambie mwenyewe nilichotia sahihi. Akinifukuza, ni haki yake. Kisha nitaandika kwa mkono tulichokiona mwilini mwako, nikisome sokoni Jumatatu. Mke wangu anajua. Amenifungia nguo na blanketi, wakija kunichukua.

Lala salama, rafiki yangu. Msamaha sikuombi, maana huwezi tena kuninyima.

Mwalimu Ouko