Dari Iliyonyimwa Pumzi

Mjukuu wangu, mume wangu Shabani, huko Tabora,

Salamu nyingi kutoka hapa Mzenga. Babu yako hajambo, ni goti tu. Mama yako hajambo, shangazi yako Mwanahawa hajambo, hata yule jogoo wako mgomvi yupo. Mimi sijambo, ila barua yako imeninyima usingizi. Unauliza kama uzibe matundu yote chini ya bati, popo wasiingie darini. Usizibe, baba! Weka wavu, hewa ipite.

Marehemu baba yangu aliziba yote kwa udongo, kisha akajaza dari muhogo ambao haujakauka. Asubuhi wakaja wazee kuniposa. Nje jua linawaka, ndani maji yakaanza kumdondokea mshenga kwenye kofia.

"Mzee, nyumba yako inalia," akasema mshenga, huku akitafuta viatu vyake.

"Inamlilia binti yetu," baba akajibu, jasho linamtoka.

Mimi nyuma ya pazia roho iko juu, naona posa yangu inaondoka! Mama akachukua mchi, akapanda ngazi, akautoboa ule udongo. Mvuke ukatoka kama sufuria imefunuliwa, na harufu ya muhogo uliochacha ikawafikia wageni wote.

Mshenga akaketi tena, akicheka. "Kumbe hailii. Imenyimwa pumzi."

Alikuwa mjomba wa babu yako. Mpaka leo nikinuna, babu yako huita, "Leteni mchi!"

Nijibu upesi, mume wangu, kabla fundi hajakanyaga udongo.

Bibi yako,
Mwanaidi