Mafuta ya Cherehani

Jumanne, 4 Machi

Nimemwaga mafuta ya cherehani kwenye zulia. Kichupa kizima! Nilikuwa nailainisha cherehani ya marehemu mke wangu, kama nifanyavyo kila mwanzo wa mwezi, ingawa tangu aondoke haijashona hata kifungo. Kiwiko kikakigusa kichupa. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Kuhusu mafuta walinyamaza.

Doa ni saizi ya sahani. Sikusugua. Miaka ishirini na sita ya kufua nguo za watu kwa dobi imenifunza kwamba mafuta ukiyasugua unayakaribisha ndani. Unayadonoa kwa kitambaa kikavu, kutoka pembeni kwenda katikati. Kisha nimeyamwagia poda. Inalala hapo mpaka kesho.

Binti yangu anakuja Jumapili.

Jumatano, 5 Machi

Poda imekunywa mafuta kiasi. Nimeikwangua kwa kijiko, nikatia matone ya sabuni ya vyombo, maji ya vuguvugu, siki kidogo. Doa limepauka — na limetanuka. Sasa ni sinia.

Lingekuwa zulia jingine ningeliacha. Lakini tulipofika huku tukitarajia kurudi kwetu baada ya miezi michache, mke wangu alitoa amri: tusinunue kitu kisichoingia kwenye sanduku. Tuliishi hivyo miaka kumi na moja. Vikombe viwili, sufuria mbili, godoro la kukunja. Siku moja akarudi na wanaume wawili wamebeba zulia begani. Rangi ya mchanga, kubwa kuliko chumba. Hakueleza na mimi sikuuliza. Nilishika mkasi, tukakata pembe ili lienee. Usiku ule ndipo tulipojua kwamba haturudi.

Binti amepiga simu. Chumba changu kwake kiko tayari, amekipaka rangi, dirisha linatazama mashariki. Hanilazimishi, anasema. Anakuja tu kuona ninavyoishi. Kuona! Kama mkaguzi.

Nimehamishwa mara tatu kwa bunduki. Sitaki ya nne iwe kwa mapenzi.

Alhamisi, 6 Machi

Doa lipo. Mvua. Mkate umeungua, nimejua nilipouona moshi.

Niandike, maana hapa hakuna anayesoma. Pua yangu imekufa. Daktari alisema pengine ni zile dawa za kazini, pengine ni umri, hakuapa. Mke wangu alikuwa akininusia. Alikaa na ufumaji wake akisema bila kuinua kichwa: mkate umeiva, shati hilo libadilishe. Binti hajui. Mama yake hakumwambia, mimi nami nimeendelea kutomwambia. Sasa napika kwa saa ya ukutani. Maziwa dakika saba. Kama yamechacha, ulimi ndio unaoniambia.

Ijumaa, 7 Machi



Chini ya sinki nilikuwa na chupa ya benzini niliyoondoka nayo kazini siku ya kustaafu. Bosi wetu alikuwa na sheria tatu, alizibandika juu ya meza: dirisha wazi, moto mbali, dawa iende kwenye kitambaa, kamwe isimwagwe kwenye kitu chenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwasomea wafanyakazi wapya.

Leo nimezivunja zote. Dirisha nililifunga makusudi. Chini yangu anaishi Nesi, anafanya kazi hospitali kwa zamu, na dirisha lake liko chini ya langu. Yeye na binti yangu wanapigiana simu. Sikutaka anuse kitu. Kisha nikamimina. Si matone — nikamimina!

Likaanza kutoka. Niliona nyuzi zikirudia rangi yake, nikapiga magoti nikidonoa, nikidonoa, na kichwa kikawa chepesi. Nilidhani ni furaha. Muda mrefu sijafurahi, nimesahau inavyokaa mwilini. Nikasema nastahili chai. Nikaenda jikoni, nikafungua kiberiti, nikatoa njiti.

Mlango ukapigwa kama unavunjwa. Nesi. Alikuwa anapanda ngazi akirudi kutoka zamu. Aliniamuru nisiwashe kitu chochote, hata taa. Nikamfungulia nikiwa bado na njiti mkononi. Aliitazama, akaichukua taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akafungua madirisha yote, akatoa chupa na vitambaa nje, akaniketisha ngazini kichwa kikiwa magotini. Nilitapika kidogo kwenye ndoo yake. Aibu.

Nilipopata nafuu akaanza.

"Babu, ulitaka kuhama na nyumba nzima? Binti yako kakuandalia chumba kimoja tu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniuliza kama kweli sikusikia harufu, maana yeye alikutana nayo kwenye mlango wa barabarani. Nikamwambia nina mafua.

"Mafua gani hayana kamasi?"

Nilimwomba asimwambie binti. Akanishika kiganja akihesabu mapigo ya moyo, na aliendelea kunishika hata alipomaliza kuhesabu. Sikumbuki mara ya mwisho kushikwa mkono.

Jumamosi, 8 Machi

Doa limetoka! Limeacha duara safi kuliko zulia lote, kama mwezi. Sasa uchafu wa miaka yote unaonekana kwa kulinganisha. Na ukikanyaga hapo zulia linateleza: benzini imeyeyusha gundi ya chini. Nimeweka kiti juu yake.

Madirisha yako wazi tangu alfajiri. Nimevaa koti ndani ya nyumba. Lakini sijui kama harufu imekwisha. Nimesimama katikati ya chumba nikivuta pumzi, kama kipofu anayewasha taa. Nesi yuko kazini. Nikamwita mpeleka barua, eti anisomee jina la mtumaji. Aliingia hatua mbili, akakohoa.

"Unapaka rangi, mzee?"

Nikasema ndiyo. Ametazama kuta, akanisifu.

Nimefua mapazia. Nimemenya chungwa, nimetawanya maganda kila pembe. Ndivyo mke wangu alivyokuwa akifanya.

Jumapili, 9 Machi

Amefika saa nne. Amekuwa na mvi mbili mbele, na uso ni wa mama yake mtupu. Nilisikia nyayo zake zikisimama kwenye ghorofa ya chini, mlango wa Nesi ukafunguka, sauti mbili zikanong'ona. Dakika kumi. Halafu akapanda, akanikumbatia, akavuta pumzi. Nilimtazama uso. Uso haukusema kitu.

Hakuuliza kuhusu kiti. Akafunua kile kitambaa kinachofunika cherehani, akakipeleka puani, akafumba macho.

"Bado kinanukia Mama."

Nikasema ndiyo, bado. Miaka mitatu nimekikunja na kukikunjua kila mwezi, na leo ndiyo naambiwa.

Kisha akaniambia niketi nipumzike. Amebandika maziwa jikoni, anashuka kumwona Nesi mara moja. Nikisikia harufu ya kuungua nimwite kwa sauti tu, ngazi iko wazi.

Nimetazama saa. Kwenda jikoni kuchungulia niliona ni kama kuiba mtihani, nikafungua shajara hii badala yake. Nimeandika haya yote nikiikodolea macho mishale. Dakika ya tano. Ya sita. Ya saba, nikaita: mwanangu, maziwa hayo!

Ameingia upesi mno. Hakuwa chini, alikuwa nyuma ya mlango. Akapita jikoni, akarudi na sufuria, akaiweka mezani karibu na mkono wangu. Nimeigusa. Baridi. Hakuwasha moto.

Hakufoka. Ningependa afoke. Amesogeza kiti, akakaa chini palepale kwenye duara, na sasa anapapasa nyuzi kwa kiganja, kutoka pembeni kwenda katikati.

"Tangu lini, Baba?"

Nimemwambia angoje nimalize sentensi. Amesema atangoja. Naiongeza sentensi hii kadiri niwezavyo, kwa maana nikiweka nukta itanibidi nimwambie kwamba mama yake alijua, na kwamba kitambaa kile, tangu azikwe, nimekuwa nikikipeleka puani kila mwezi na