Kitabu kimoja kwa watoto watatu, na kilichokuwemo kabatini mwangu

Ijumaa, alasiri imeshaadhiniwa. Nje hakutazamiki kwa joto, na mimi ndani situlii.

Mko wapi nyie? Mwezi mzima na ushei hamjakanyaga hapa. Nikiandika namna ya kupika mkate wa kumimina mnajaa, mnaulizana sukari vikombe vingapi, kisha kila mmoja anaondoka na lake. Nikinyamaza, hapana hata mmoja wa kuuliza, "Bibi yule yuhai?" Mngekuja mngenikuta. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nna mambo, na leo nna jambo, na hilo jambo halijaniacha nikae kitako tangu adhuhuri. Nakaa, nainuka. Nakwenda dirishani, natazama chini njiani, narudi.

Basi kaeni nyie, mie nitasema nimesimama.

Yule mama wa watoto wanne aliyeniuliza mara ya mwisho: swali lako sijalisahau. Ulitaka kujua sisi humu ndani tunawasomesha vipi watoto tarekhe, historia mnavyoiita nyie, ilhali mmoja keshaota chunusi na mwengine bado ananyonya kidole. Jibu lake ndilo lililonitia katika haya.

Kwa wasionijua: nnakaa Darsait, ng'ambo ya bahari na kwetu Unguja, na binti yangu Maryam, mumewe, na wajukuu watatu. Ilham ana miaka kumi na nne, Said kumi, Thuraya sita. Wanasomea nyumbani, mwaka wa pili sasa, kwa sababu Said alikuwa akitapika kila asubuhi ya skuli mpaka akabaki mifupa. Maryam ndiye mwalimu. Mie skuli sikuuona hata mlango wake. Nilikuwa mtoto wa kike wa kwanza, nikalea walionifuata. Haya naiambia simu, simu inaandika, Ilham ananisomea na kusahihisha. Nimemkataza kunipamba.

Hesabu haina mgogoro, kila mtoto na kitabu chake. Tarekhe ndiyo iliyotushinda. Maryam alipata mitaala mitatu, na katika kila mtaala akapewa mlango wa mwanzo, sura moja ya kuonja kabla hajaagiza. Wa kwanza ulikuwa na vitabu vitatu: mkubwa anasoma vita, wa kati anasoma wafalme, mdogo anapaka rangi piramidi. Vizuri, lakini Maryam atakuwa anafundisha dunia tatu kwa asubuhi moja. Wa pili ulikuwa mwembamba, wenye picha za kupendeza, kila mtu ndani yake kavaa vizuri na hapana aliyemkosea mwenzake. Wa tatu ulikuwa kitabu kimoja kwa wote, zama moja, nchi moja. Mkubwa anasoma kwa sauti, wa kati anachora ramani, mdogo anasikiliza kisha anasimulia alichofahamu.

Nikasema, huu.

"Mama, umri wao mbalimbali," akasema Maryam.

"Watoto hawa si wanakula sinia moja? Mkubwa anaambua nyama, anamsogezea mdogo. Hapana aliyekwamwa na mfupa mpaka leo."

"Chakula na tarekhe si kitu kimoja."

"Haya, wewe uliyesoma ndiye unayejua."

Nikimwambia hivyo hunyamaza. Naijua dawa yake, na naitumia vibaya, Mungu anisamehe.

Tukaujaribu huo wa tatu Jumapili iliyopita. Mlango wa kuonja ulikuwa wa pwani yetu ya kule: karafuu, pembe, bandari. Nikafurahi, nikasogeza kiti changu, nikakaa namenya vitunguu thomu na huku nasikiliza. Ilham akasoma. Karafuu, sawa. Bandari, sawa. Kisha akafika kwa watu waliokuwa wakichukuliwa kutoka bara, na mashamba waliyolimishwa, na wenye mashamba walikuwa nani. Majina ya namna yetu. Maryam akanitazama mimi, mimi nikaitazama thomu.

Said akauliza, "Bibi, na sisi tulikuwa nao?"

Nikamwambia, "Chora ramani yako."

Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza wiki hii. Nalitaja kwa sababu nimeazimia leo nisijifiche.

Zamu ya Thuraya ilipofika, alisimulia jambo moja tu katika yote aliyosikia: mtumwa ni mtu ambaye hawezi kutoka mpaka mwenyewe ampe ruhusa. Ndivyo kitabu kilivyosema. Maryam akampigia nyota kwenye daftari.

Sasa, hapo juu nimewahesabu watu wa nyumba hii nikamruka mmoja. Nimesikia mwenyewe Ilham aliponisomea. Akaniuliza, "Nimuongeze, Bibi?" Nikasema hapana, acha vivyo hivyo, waone.

Ni msichana kutoka Uganda anayetufanyia kazi za nyumbani. Tumwite Prossy, jina lake la kweli ni lake. Mwaka wa tatu yuko kwetu, mapumziko yake Ijumaa, siku ambayo huku hata makanisa husali. Yeye ndiye aliyemfundisha Thuraya kufunga viatu. Ananiita Mama, mimi namwita mwanangu, na nilidhani imetosha.

Jumatatu alikuwa jikoni anakaanga samaki. Thuraya akaingia, akasimama pembeni yake mikono nyuma kama mtu aliyekuja na barua. Mimi nilikuwa mlangoni, niliyasikia kwa masikio yangu.

"Prossy, wewe mtumwa wetu?"

Prossy akacheka. "Nani amekwambia hivyo?"

"Wewe kila Ijumaa unamuomba Bibi ruhusa ya kwenda kanisani. Na pasipoti yako iko kabatini kwa Bibi. Mimi nimeiona, nilikuwa natafuta pipi."

Prossy akazima moto, samaki kaiva upande mmoja. Akafuta mikono. Hakumtazama mtoto kabisa. Alinitazama mimi pale mlangoni, akasema, "Mama, jibu wewe basi."

Nilimkamata Thuraya mkono, nikamkemea, nikamlazimisha aombe radhi. Akaomba, analia, hajui kakosa nini. Na hakukosa kitu. Kaambiwa asikilize, kasikiliza. Kaambiwa afahamu, kafahamu.

Maryam aliposikia alikuja juu. "Si nilikwambia, Mama? Huyu ana miaka sita. Kesho naagiza ule wa kwanza, kila mtu na kitabu chake. Thuraya atapaka rangi piramidi."

"Na piramidi zilijengwa na nani?" Ilham akasema, huko chumbani.

"Wewe nyamaza," tukamjibu sote wawili kwa pamoja.

Nawaambieni ukweli wa ile pasipoti. Prossy alipofika, Maryam alitaka akae nayo mwenyewe. Mimi ndiye niliyesema lete, nitakuhifadhia, vitu hivi hupotea. Nikaiweka chini ya kanga, karibu na udi. Mwaka jana aliiomba mara moja, nikamwambia iko salama, una wasiwasi gani. Hakuiomba tena. Na nilijua nafanya nini. Jirani yangu wa chini msichana wake wa kazi alikuwa kaondoka siku moja hajaaga, nikaogopa na wangu asije akaondoka. Kuogopa huko ndiko nilikokuita kuhifadhi.

Tangu Jumatatu hiyo kuna mtu ananijia kila nikifumba macho.

Kwetu Unguja, nilipokuwa mtoto, palikuwa na kizee tukimwita Bi Tausi. Utumwa ulikuwa umeshaondoshwa zamani, mimi sijazaliwa. Yeye alibaki tu kwetu. Tukimwita mtu wa nyumbani. Alinikogesha, alinisuka, alinificha kwa mama nikivunja kitu. Alilala ukumbini kwenye mkeka, karibu na mlango, na hapana aliyeona ajabu. Alipokufa, mwalimu akauliza jina la mama yake apate kumsomea talkini pale kaburini, maana maiti huitwa kwa mamake. Hapana aliyelijua. Kaka yangu alikuwako, akarudi kutuhadithia: wamemwita binti Hawa, kama anavyoitwa mtu asiyejulikana alikotoka. Kalea kizazi cha baba yangu, akalea na changu, na katika sote hapana aliyepata kumuuliza.

Nilimpenda, na nilikuwa simjui.

Jana asubuhi nikawaweka watoto chini, na Maryam naye. Nikasema, "Said, uliniuliza. Ndiyo, tulikuwa nao." Nikawaeleza habari za Bi Tausi, na za mkeka, na za kaburini. Nilidhani nitawavunja. Ilham alitaka kujua miaka, akaanza kuhesabu nyuma kwa vidole, na midomo kaibana. Said alitaka nimwambie mlango ulikuwa upande gani na mkeka upande gani, apate kuchora. Thuraya akauliza, "Alikuwa anapenda pipi gani?"

Sikujua. Katika maswali yote, hilo ndilo lililonikata maini.

Na Maryam, ambaye ana miaka arubaini na moja na kasoma mpaka kachoka, alikuwa naye anasikia kwa mara ya kwanza.

Leo asubuhi Prossy akaja na gauni lake la kanisani, mkoba begani. "Mama, naomba kwenda."

"Usiombe. Aga," nikamwambia, na nikamnyooshea pasipoti yake.

Akaipokea. Akaifungua, akatazama, akatazama tena. "Mama, hii inaisha. Imebaki miezi minne. Mimi sikujua."

Na mie sikujua. Nitajuaje, nambari zile sizisomi. Nimekaa juu ya kitu cha mtu mpaka kinakaribia kufa na hapana anayejua. Akaitia mkobani, akavuta zipu, akaniambia, "Haya Mama, naenda." Akatoka.

Nilingoja shukurani, nakiri. Haikuja, na nikakasirika mpaka nilipofika chumbani. Huko nikakaa kitandani nikajiuliza, anishukuru kwa lipi?

Kanisa linatoka saa saba. Baadaye yeye na wenzake hupitia Hamriya, wananunua ndizi zao za kupika, wanasukana, na saa tisa anakuwa kesharudi. Sasa ni saa kumi na nusu. Simu inaita, haipokelewi.

Maryam kaja mara mbili. "Na kama hakurudi, Mama?"

"Basi hakurudi."

Nimelisema kwa kifua, halafu nikaja dirishani mbio. Sitaki mnione mwema. Moyo wangu nusu unasema nimefanya la haki, nusu unasema bibi we, umejitia umaskini kwa mkono wako, nani atakukanda magoti? Nusu hiyo ya pili ina sauti kubwa.

Thuraya naye hatoki miguuni mwangu. "Bibi, Prossy kaondoka bila ya ruhusa?"

"Ndiyo."

"Basi si mtumwa."

"Si mtumwa."

Akafikiri. "Lakini nani atanifunga nywele?"

Nikamwambia nitamfunga mimi. Akanitazama vidole hivi vyangu vya baridi yabisi, kwa adabu akatazama pembeni.

Kitabu tumeshakubaliana. Nimemwambia Maryam aagize ule wa tatu, na ule ukurasa asiukunje. Kakubali, na kanipa sharti. "Utakaa darasani kila Jumapili, Mama. Lakini thomu zako ubaki nazo jikoni. Ukikaa, ukae ujibu."

Binti yangu huyo. Sijui ukali kautoa wapi.

Kwa hivyo, mama wa watoto wanne, chukua kitabu kimoja. Mkubwa asome, wa kati achore, mdogo asimulie, na usimdharau mdogo. Lakini kabla hujalipia, kaa na ule mlango peke yako kwanza, ujue utajibu nini ukiulizwa mbele ya mtu anayehusika. Mie sikukaa. Niliona sinia moja nikaona yamekwisha.

Chini pamesimama teksi. Kateremka mwanamme na mifuko.

Nitaendelea kusimama hapa. Nyie nendeni. Na mkija tena, na msingoje mwezi, msianze kuniuliza kama karudi. Akirudi khiyari yake, asiporudi khiyari yake vilevile. Kabla hamjaja, kafungueni makabati yenu, mpekue mpaka chini ya kanga, mtazame mmemuhifadhia nani kitu ambacho hakukuombeni mkihifadhi. Mpeni mkononi mwake. Kisha ndiyo mje, tuzungumze habari za vitabu.