Mama Mkasi Amenifunga Mimi Peke Yangu

Shangazi mshauri, shikamoo. Naomba unishike mkono kabla sijafanya jambo la aibu, mimi ni fundi wa magauni ya harusi kwa mama mmoja tunamwita Mama Mkasi, akimtazama bibi harusi mara moja tu anajua bega lipi limeshuka, nilikwenda kwake sijui hata kutunga uzi na yote ninayojua nimeyapata kwake, na kwake ni mwiko gauni alilokata fundi mmoja kumaliziwa na mwingine, sasa dada yangu kanitafutia chumba cha kushonea nijitegemee, lakini mkataba wangu unasema nikiacha kazi nitoe notisi ya mwezi mmoja halafu nisishone gauni la harusi popote mjini kwa miaka mitano, wenzangu mikataba yao haina kifungu hicho, nimemkosea nini mama wa watu, shemeji anasema, "Ingia mitini tu, atakutafuta wapi?" ila mezani lipo gauni nililolikata juzi, na nikimfikiria Mama Mkasi machozi yananitoka, nifanyeje?
Fundi Moyo Mzito

Marahaba, mwanangu. Futa machozi, yasije yakadondokea satini ya watu.

Shemeji yako akae kimya. Ukitoroka, huyo bibi harusi atavaa nini? Notisi ni haki ya Mama Mkasi. Itoe kwa maandishi, akusainie nakala, na ndani ya mwezi huo maliza gauni lako na usikate jipya usiloweza kulimaliza.

Miaka mitano ni habari nyingine. Saini yako haikigeuzi kila kifungu kuwa sheria. Kukukataza usimchukulie wateja wala karatasi zake za kukatia, sawa. Kukuzuia kazi yako mji mzima, muda wote huo, mara nyingi hakusimami mbele ya hakimu. Mara nyingi, sijasema kila mara! Kwa hiyo peleka mkataba ofisi ya kazi wausome kabla hujalipia hicho chumba.

Na kabla ya barua, kaa naye umwambie kwa mdomo wako. Unauliza umemkosea nini? Hujamkosea chochote. Wenzako wakiondoka, kesho yake anatafuta wengine. Wewe anaogopa kukupoteza. Huyo mama kusifu kwa mdomo hajui, kakusifu kwenye mkataba. Mshukuru, umalize gauni, utokee mlango wa mbele.