Kakakuona Niliyeandika Kwamba Hayupo

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako upesi, kwa maana mimi ndiye bwana nyama wa huku karibu na Ushirombo, kazi yangu ni kulinda wanyama adimu, ila mwezi uliopita meneja wa kiwanda cha mbao alikuja na Katibu wetu wa Chama, Ndugu Mabula, wakitaka kukata mninga wa msitu wa Kanembwi, na kibali kilikuwa kimekataliwa kwa sababu humo wamo kakakuona, basi Katibu akaniambia maendeleo hayawezi kusimama yakimngoja mdudu mwenye magamba, niandike kwamba wamekwisha, nami nikaogopa uhamisho, nikaandika, nikapiga na muhuri.

Sasa wiki hii Mzee Nkwabi alikuwa akitafuta ng'ombe wake humo humo Kanembwi akakutana na kakakuona mzima, na wewe unajua desturi yetu, mnyama huyu akionekana hapitwi, zamani alipelekwa kwa mtemi kwa ngoma ili atabiri mwaka, na kwa kuwa watemi hawapo tena, wazee wakapiga ngoma, wakampeleka ofisi ya Chama. Wakamwekea unga, panga na bakuli la maji, akaenda moja kwa moja kwenye maji, yaani mvua ipo, akina mama wakapiga vigelegele, na aliyecheza kuliko wote ni Katibu. Amekataa asirudishwe mpaka tarehe ishirini, mkubwa wa mkoa aje amwone akitabiri pamba. Wanampa ugali, wakati yeye hula mchwa na siafu tu, na leo ni siku ya tatu amejikunja kama mpira. Nilipomwambia Katibu kwamba atakufa, alinijibu, "Bwana nyama, huyu si wako. Wako wamekwisha, umeandika mwenyewe. Huyu ni mgeni, mwandikie kibali cha kutembelea."

Nikimtoa, barua yangu itaonekana ni ya uongo na kazi sina. Nikinyamaza, anakufa, na mwisho wa mwezi misumeno inaingia Kanembwi. Mke wangu Anisia ananipakulia chakula bila kuongea. Nifanyeje?

MSHAURI ANAJIBU:

Bwana Nyama, marahaba. Sikungoja gazeti. Barua yako ilinifikia Jumanne, nikaenda posta na khanga yangu ya jikoni nikakupelekea telegramu ya maneno mawili: "Mtoe leo." Kama uliipata ukaketi kungoja maelezo zaidi, basi Anisia ana haki.

Pole, najua uhamisho unavyomtisha mtu mwenye familia. Lakini serikali ilikupa bunduki na buti, ukashindwa na kalamu. Nimekasirika kweli, maana ungekataa siku ile, leo hakuna ambaye angekuambia mnyama aliye mbele ya macho yako si wako.

Usiende kwa Katibu peke yako. Nenda na Mzee Nkwabi na wazee waliopiga ile ngoma. Mgeni aliyeletwa kwa heshima haachwi afe njaa, na hilo watamwambia Ndugu Mabula kwa maneno ambayo wewe huyawezi. Mbebeni kwenye kikapu, mkamwache pale pale alipookotwa, karibu na kichuguu. Mzee aweke dole gumba kwenye karatasi inayosema ni wapi na ni siku gani. Kisha andika barua ya pili, uanze na kosa lako kabla ya la mtu mwingine, nakala wilayani, mkoani na makao makuu ya idara yako. Meneja usimtukane, yeye anatafuta mbao tu.

Unaweza kupoteza kazi, sitakudanganya. Ila kazi ya kuandika kwamba wanyama hawapo haihitaji bwana nyama, hata karani anaiweza.

Jina lako nimeliondoa kwenye barua. La Kanembwi nimeliacha kama ulivyoliandika. Leo nchi nzima imesoma kwamba kakakuona wamo, kwa hiyo barua ya pili iandike asubuhi hii, kabla hawajaja kukuuliza kuhusu ya kwanza.